Kuhifadhi na Kurejesha Kumbukumbu za Biashara Katika Programu ya Mauzo

Mfanyabiashara wa Morogoro aliyekuwa akiandika mauzo yake kwa kalamu alijua daima daftari lake lilipo: chini ya meza ya duka, au mkobani jioni anaporudi nyumbani. Leo wengi wamehamia kwenye programu ya mauzo iliyo ndani ya kompyuta, kishikwambi au simu. Programu hiyo hujumlisha haraka, hukumbusha bidhaa iliyokaribia kwisha na huorodhesha wateja wenye madeni. Lakini daftari likilowa, kurasa nyingi bado husomeka baada ya kuanikwa juani. Diski ya kompyuta ikifa, huenda usipate hata mstari mmoja. Katika makala hii tunaeleza namna ya kutunza nakala ya kumbukumbu hizo na, jambo ambalo husahauliwa zaidi, namna ya kuzirejesha.

Wengi hudhani kwamba mashine ya kutolea risiti za kodi (EFD) inatosha. Mashine hiyo hutunza risiti ilizotoa na ripoti za mauzo za kila siku. Haijui kwamba magunia 12 ya sukari bado yako stoo, wala kwamba mama lishe wa jirani alichukua mchele kwa mkopo na amekwisha kulipa nusu. Mambo hayo yamo katika programu ya mauzo peke yake. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze nyaraka zake kwa miaka 5, na huo ni muda mrefu kwa kompyuta inayofanya kazi katikati ya vumbi na umeme usiotulia.

Nakala rudufu ni picha kamili ya kumbukumbu zote kama zilivyokuwa saa fulani. Programu nyingi za mauzo zina sehemu maalumu ya kuitengeneza, nasi tunashauri itumike hiyo. Kunakili faili kwa mkono huku programu ikiendelea kuuza kunaweza kutoa nakala yenye kasoro, ambayo itaonekana nzima hadi siku utakapoihitaji. Kadhalika, folda inayojilinganisha yenyewe na hifadhi ya mtandaoni si nakala rudufu ya kutegemewa: ukifuta kitu dukani, nako kinafutika, na kirusi kikiyafunga mafaili yako, yaliyofungwa ndiyo yatakayopakiwa.

Swali linalofuata ni mahali pa kuiweka. Soko la Kariakoo lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, moto haukuchagua kati ya bidhaa na makaratasi yaliyoziorodhesha. Flashi iliyo katika droo ileile ya kompyuta huungua nayo, huibwa nayo na hulowa nayo. Basi nakala moja na itoke nje ya duka. Hifadhi ya mtandaoni ni njia nzuri, ila isiwe ya pekee. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchini kote. Aliyeihitaji nakala yake siku hiyo kutoka seva ya ng'ambo alikuwa na kazi ya kusubiri. Kwa wafanyabiashara wa huku kwetu ipo njia isiyo na gharama kubwa. Mwenye duka mjini na ndugu au tawi huko Matombo, Kinole au Mgeta anaweza kuwa na flashi mbili zinazopishana: moja hupanda Uluguru na gari linalokwenda kufuata ndizi, viungo au mboga, nyingine hushuka. Wa milimani naye afanye vivyo hivyo kwa upande wake. Flashi hizo zifungwe kwa nenosiri, kwa kuwa zimebeba majina, namba za simu na madeni ya watu, nazo hizo ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Sasa tufike kwenye urejeshaji, ambako ndiko hasara nyingi hutokea. Tuchukue mfano wa duka la jumla jirani na stendi ya Msamvu. Nakala ya mwisho ilifanywa Jumapili usiku. Jumatatu mzee mmoja kutoka Kinole anafika na kulipa taslimu deni lake la shilingi 180,000. Jumanne unashushwa mzigo mpya. Alhamisi alasiri umeme unakatika, unarudi kwa nguvu, na kompyuta haiwaki tena. Fundi anairejesha nakala katika kompyuta nyingine, kila kitu kinaonekana, na wote wanashusha pumzi. Lakini duka hilo limerudi Jumapili usiku. Mzigo wa Jumanne haumo. Deni la mzee limefufuka, na muuzaji anayekiamini kioo atamdai mara ya pili.

Kwa sababu hiyo, usianze kuuza mara tu baada ya kurejesha. Kwanza jaza siku zilizopotea, kwa kutumia risiti za EFD, ujumbe wa malipo kwenye simu na hati za kupokelea mzigo. Kisha hesabu mali iliyopo stoo. Malipo ya madeni kwa fedha taslimu ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, maana risiti ya EFD ilitolewa siku ya mauzo, na malipo yaliyofuata huenda hayakuacha alama popote. Kwa hayo tunashauri daftari dogo la mezani. Ndiyo, ni daftari lilelile tulilosema watu wameliacha, na hatuoni haya kulirudisha.

Hatari nyingine ni kurejesha nakala ya zamani juu ya kumbukumbu mpya ambazo bado ni nzima. Mtu huona kosa dogo, hubonyeza "rejesha", na mauzo ya wiki nzima yanafunikwa. Kabla ya kurejesha chochote, tengeneza nakala ya hali iliyopo, hata kama unaiona ina kasoro.

Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijulikani kama inafaa. Angalau mara moja kila baada ya miezi 3, ifungue katika kompyuta nyingine na ulinganishe mambo matatu: jumla ya mauzo ya siku moja unayoikumbuka, idadi ya bidhaa moja, na deni la mteja mmoja. Jaribio hilo ndilo litakalokuonyesha kama nenosiri unalo wewe au amebaki nalo fundi, na kama toleo la programu uliyonayo linaisoma nakala ya toleo la zamani.

Anayenunua programu ni mtumiaji kama mnunuzi mwingine yeyote. Kabla ya kulipa, mwulize muuzaji, na jibu alitoe kwa maandishi: kumbukumbu zangu zitakaa wapi, nitazichukuaje zote katika jedwali linalosomeka kwingine, na nikiacha kulipia huduma zitabaki kwa muda gani? Asiyetaka kujibu ni afadhali umjue mapema. Aliyeahidi kwa maandishi kisha akakiuka, maandishi hayo ndiyo utakayoambatisha kwenye malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani (FCC).

Kwa wewe unayekopa dukani, omba stakabadhi kila unapolipa sehemu ya deni, iwe na tarehe, kiasi kilicholipwa na salio, na uitunze hata baada ya deni kwisha. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe wa malipo. Mzee wetu wa Kinole angekuwa na karatasi hiyo mfukoni, mazungumzo yake na muuzaji yangechukua dakika 2.