Medea alisemewa na mwanamume

Mwaka 431 KK, katika ukumbi wa Dionysus jijini Athens, Medea, mhusika mkuu wa tanzia yenye jina lake, alisimama mbele ya maelfu ya watazamaji akaeleza madhila ya mwanamke katika ndoa. Maneno yake yalitungwa na Euripides, na aliyeyatamka alikuwa mwanamume. Hata wanawake wa Korintho waliomwitikia kwa nyimbo walikuwa wanaume. Barakoa ya kike ilipakwa rangi nyeupe, mtazamaji akajua papo hapo ni mwanamke anayesema.

Kinachonishangaza zaidi ni kilio. Maombolezo yalikuwa kazi ya wanawake wa Kigiriki tangu zamani. Ila sheria zinazohusishwa na Solon, mtunga sheria wa Athens, za mwanzoni mwa karne ya 6 KK, ziliwabana wasijirarue wala kupaza vilio kupita kiasi misibani. Karne iliyofuata wanaume wakakipandisha kilio hichohicho jukwaani, na washindi wa mashindano ya tanzia wakatunukiwa.

Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 2 BK, anasimulia habari za Polus, mwigizaji mashuhuri. Katika tanzia ya Sophocles, Electra hukumbatia chombo akidhani kina majivu ya kaka yake. Polus alikuwa amefiwa na mwanawe. Alikichukua chombo chenye mabaki ya mtoto huyo kutoka kaburini, akapanda nacho jukwaani akiwa amevaa mavazi ya Electra, akalia kwelikweli. Uchungu wa dada ukaonyeshwa kwa machozi ya baba. Nauheshimu msiba wake, lakini siachi kuwafikiria kina mama waliozika wana wao chini ya sheria zile za Solon.

Roma nayo iliwapa wanaume tanzia na vichekesho vikubwa. Wanawake walipata nafasi katika mimo, maigizo yasiyo na barakoa, wakaonekana kwa sura zao wenyewe. Mwandishi wa Kirumi Pliny anamtaja mwigizaji Galeria Copiola, aliyeanza kazi mwaka 82 KK na kurudishwa jukwaani mwaka 9 BK akiwa na umri wa miaka 104.

Lakini waliompigia mwigizaji makofi hawakumtaka awe mkwe wao. Sheria ya Kaisari Augustus ya mwaka 18 KK iliwakataza maseneta na wana wao kuoa mwigizaji, au hata binti wa mwigizaji. Zaidi ya miaka 500 baadaye, Justinian, aliyekuja kuwa Kaisari, alipotaka kumwoa Theodora, aliyewahi kuigiza jukwaani, ilibidi kwanza itungwe sheria mpya ya kumruhusu.