Nikufungie au Nikufungulie? Adabu ya Mlangoni

Siku moja mwanafunzi wa mwaka wa pili alifika kwenye mlango wa maktaba, akamwona mwalimu mzee anakuja nyuma yake, mikono imejaa vitabu. Akasimama kando, akasema kwa heshima: "Shikamoo, Mwalimu. Nikufungie mlango?" Mzee akaitikia "Marahaba", kisha akauliza: "Nimekukosea nini hata unifungie mlango?" Waliokuwapo wakacheka. Mwanafunzi hakucheka, na kwa wiki nzima hakuzungumza darasani. Nia yake ilikuwa njema. Kilichomwangusha ni silabi moja.

Makala haya yanaeleza kwa nini watu hushikiana milango, na ni maneno gani yanayofaa tendo hilo.

Kila mlango una adabu yake. Katika nyumba nyingi za pwani, mlango hushinda wazi na pazia likaning'inia. Hapo adabu ni hodi. Mgeni husimama kando asichungulie ndani, hubisha, hungoja "karibu". Akibisha mara tatu bila kuitikiwa, hurudi alikotoka, kama yanavyoelekeza mafundisho ya Kiislamu. Hapa Uganda pia, Waganda hubisha kwa neno "koodi". Mlango wa maktaba au wa benki ni tofauti. Una springi, hujifunga wenyewe, na hakuna mwenyeji wa kuitikia. Kwa hiyo aliyetangulia huwa mwenyeji kwa dakika moja.

Je, anayeshika mlango husukumwa na heshima tu? Mwaka 2011 Joseph Santamaria na David Rosenbaum wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watu waliokuwa wakipita mlangoni. Waliona kwamba mtu hushika mlango zaidi anayemfuata akiwa karibu, na zaidi tena wafuasi wakiwa wawili badala ya mmoja. Waliona pia kwamba anayeshikiwa huongeza mwendo. Maelezo yao ni kwamba watu hupima, bila hata kufikiri sana, jumla ya nguvu zitakazotumika: mmoja akishika kidogo, wote huokoa nguvu.

Tunajifunza kwamba heshima ina hesabu ndani yake. Ukimshikia mlango mzee aliye mbali, unamlazimisha kukimbia, na hiyo si heshima tena. Vilevile, mwanamume akiwashikia wanawake peke yao, wako watakaoshukuru na wako watakaojiuliza kama wameonekana wanyonge. Njia nzuri ni kumshikia yeyote aliye karibu, awe mke au mume, na kuwatanguliza wazee, wenye watoto na wenye mizigo.

Sasa turudi kwenye lugha. Kitenzi "funga" katika kauli ya kutendea ni "fungia". Kinyume chake, "fungua", huishia na irabu mbili, kwa hiyo huchukua "l" na kuwa "fungulia". Linganisha:

1. Alimfungia mlango. (Alimzuia asipite.)
2. Alimfungulia mlango. (Alimpa njia.)
3. Nishikie mlango, tafadhali. (Usiuache ujifunge.)
4. Walishikiana mlango. (Kila mmoja alimshikia mwenzake.)

Tusichanganye "shikiana" na "shikana". Walioshikana wameshikana wao kwa wao, pengine kwa ugomvi, na mlango haumo!

Jambo la mwisho ni amri. Wanafunzi wengi husema "Ingia!" au "Pita!" peke yake. Kwa rika haina neno, lakini kwa mkubwa ni kavu. Afadhali "Karibu, Mwalimu" au "Tafadhali tangulia, Mama". Naye aliyeshikiwa aseme "Ahsante", kwani kupita kimya ni kumfanya mwenzako bawabu.

Walimu wenzangu, somo hili halihitaji ubao. Watoeni wanafunzi nje, wapeni vitabu mikononi, kila mmoja afungue, ashike na kushukuru. Anayekosea asahihishwe kwa upole. Mwanafunzi wetu wa maktaba alijua adabu kabla ya kujua kauli ya kutendea, na kauli hufundishika kwa siku moja.