Vuli ikikatika Mbweni, mahindi ya Songea hayajapotea

Kila mvua za vuli zinapokatika mapema, baadhi ya wafanyabiashara wa nafaka wa Mbweni, Bunju na Tegeta hukimbilia kujaza maghala wakitarajia bei ya mahindi kupanda. Anayekosea hubaki na magunia yanayoliwa na wadudu, huku mtaji umelala. Kosa hutokana na kudhani kuwa mvua ya Dar es Salaam ndiyo inayokuza mahindi yanayouzwa Dar es Salaam.

Tanzania ina kalenda mbili za mvua. Mikoa ya Pwani na Kaskazini hupata vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Ruvuma, Iringa, Mbeya na Rukwa hupata msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili. Mikoa hiyo ndiyo ghala kuu la mahindi yanayoshushwa Tandale na Manzese.

Zaidi ya hapo, ukame na neema hupokezana kati ya kanda na kanda. Katika miaka ya El Niño, maji ya Pasifiki yanapopata joto kupita kiasi, vuli ya Afrika Mashariki huelekea kuongezeka, wakati nchi za kusini mwa Afrika huelekea kukauka. Ndivyo ilivyokuwa msimu wa 2023/24. Tanzania na Kenya zilipata mafuriko, nazo Zambia, Malawi na Zimbabwe zikatangaza janga la taifa kutokana na ukame. Mwaka 2024 Zambia ilikubaliana na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kununua tani 650,000 za mahindi. Bei ya gunia Tandale, basi, inaweza kusukumwa na jua la Lusaka hata kama Mbweni kunanyesha.

La Niña huelekea kuwa kinyume chake: vuli hupungua huku kusini kukipata mvua. Bahari ya Hindi nayo ina sauti yake. Mwaka 2019 upande wetu wa bahari ulipata joto kuliko upande wa Indonesia, na vuli ikawa kubwa mno.

Vuli ikikosekana, pigo la kwanza kwa Mbweni huwa maji na mboga. Mwishoni mwa 2021 Mto Ruvu ulipungua na jiji likaingia kwenye mgao. Hapo wenye visima na maboza walipata wateja, na wakulima wa mchicha na bamia wakapata hasara.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli, wa masika na wa mikoa ya msimu mmoja, kila mmoja kwa wakati wake. Mwenye duka la mboga asome ule wa vuli. Anayetaka kufunga fedha kwenye mahindi asubiri ule wa Novemba hadi Aprili, kisha aulize Zambia na Malawi kumenyeshaje.