Binti za Leo na Ufeministi: Namna ya Kumsoma Mhusika Kijana wa Kike

Aghalabu mtahiniwa anapoulizwa swali kuhusu ukombozi wa mwanamke, hukimbilia kuorodhesha: mwanamke ni jasiri, ni msomi, ni mvumilivu. Majibu ya aina hii huwa hayasemi lolote kuhusu mapambano yenyewe: yanapiganwa na nani, dhidi ya nini na kwa mbinu gani. Isitoshe, wapo wanafunzi, wa kike kwa wa kiume, wanaodai kwamba ufeministi ulikuwa jambo la akina mama wa zamani na kwamba kizazi kipya kimeupa kisogo. Dai hilo halina mashiko. Ukiyaelewa mabadiliko yaliyotokea baina ya vizazi, utawasoma wahusika kama Tunu kwa undani zaidi.

Ufeministi ni nini?

Ufeministi ni mtazamo unaoshikilia kwamba unyonge wa mwanamke haukuletwa na maumbile bali na mpangilio wa jamii: mila, umilikaji wa mali, malezi na siasa. Kwa kuwa mpangilio huo uliundwa na watu, watu wanaweza kuubadilisha. Tanabahi kwamba ufeministi si chuki dhidi ya wanaume. Si kila mhusika wa kike ni mfeministi. Hali kadhalika, mhusika wa kiume anaweza kuendeleza mapambano hayo, kama afanyavyo Sudi anaposhirikiana na Tunu katika Kigogo cha Pauline Kea.

Kizazi cha akina mama

Nchini Kenya, kizazi kilichotangulia kilitegemea sana vyama, mikutano na sheria. Maendeleo ya Wanawake kiliundwa mwaka wa 1952. Mwaka wa 1985 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa kongamano la Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Mwaka wa 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walisusia chakula katika bustani ya Uhuru Park. Polisi walipowavamia, baadhi yao walivua nguo, kitendo ambacho jamii nyingi hukihesabu kuwa laana. Matunda makubwa ya kizazi hicho yamo katika Katiba ya 2010: viti 47 vya wawakilishi wa wanawake wa kaunti, na kanuni kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika nyadhifa za umma.

Fasihi ya kipindi hicho ina mwelekeo uo huo. Lanina katika Kilio cha Haki (1981) cha Alamin Mazrui anawaongoza wafanyakazi huku akikabiliana na pingamizi nyumbani kwake. Natala, katika tamthilia ya Kithaka wa Mberia ya mwaka wa 1997, anakataa kurithiwa na kupokonywa ardhi.

Kizazi cha binti

Je, binti zao wamelala? La hasha. Mnamo Novemba 2014, wanawake walipovuliwa nguo hadharani kwa kisingizio cha mavazi, wenzao waliandamana jijini Nairobi. Mwezi uliofuata, sheria ya usalama iliyorekebishwa ilikifanya kitendo hicho kuwa kosa la jinai. Mwanariadha Agnes Tirop alipouawa huko Iten mwaka wa 2021, wanariadha wenzake waliunda shirika la Tirop's Angels kupambana na ukatili wa kijinsia. Tarehe 27 Januari 2024, maelfu waliandamana katika miji mbalimbali kupinga mauaji ya wanawake.

Siku hiyo kulitokea jambo la kutafakariwa. Mwakilishi wa wanawake wa Nairobi alizomewa na waandamanaji. Kiti kilichopiganiwa na akina mama kilizomewa na binti! Msomaji wa harakaharaka ataona utovu wa shukrani. Hata hivyo, tukichunguza zaidi, tunaona swali jipya: mwanamke akishaingia bungeni, yule anayeuawa nyumbani ananufaikaje? Kizazi cha kwanza kilidai nafasi. Cha pili kinadai uhai.

Mbinu nazo zimebadilika. Mitandao ya kijamii huwakusanya watu kwa siku chache, bila mwenyekiti wala katibu. Faida yake ni kwamba hakuna kiongozi wa kuhongwa. Udhaifu wake ni kwamba ghadhabu hupoa upesi, asiye na simu husahaulika, na binti anayesema hutukanwa mtandaoni na watu wasiojulikana. Wengi pia hulikwepa jina lenyewe la ufeministi ilhali wanaitenda kazi yake.

Kurejelea kitabu

Tunu ni wa kizazi hiki. Ni kijana msomi, hana cheo, anaongoza wananchi kudai soko lao lifunguliwe, na anakataa ahadi ya kuozwa Ngao Junior. Anapoumizwa mguu, mwili wake unakuwa uwanja wa vita. Mlinganishe na Ashua, ambaye dhiki ya wanawe inampeleka kwa Majoka na ambaye, akiwa kizuizini, anamdai Sudi talaka. Usiharakishe kumwita Ashua msaliti. Uliza: njaa inampunguzia mwanamke uhuru kiasi gani? Hapo utakuwa umeacha kuorodhesha na kuanza kuhakiki.

Mwalimu, tumia matukio ya nchini kuchochea mjadala darasani. Nawe mtahiniwa, usiyajaze katika jibu lako. Ushahidi wa hoja hutoka kitabuni.

Zoezi

Eleza jinsi wahusika wawili wa kike katika kitabu ulichosoma wanavyotofautiana katika (a) chanzo cha unyonge wao, (b) mbinu wanazotumia kujikomboa, na (c) gharama wanayolipa.