Kisukari na Unene: Tiba Ipelekwe Kituo cha Jirani

Yapo maradhi yanayomwangusha mtu kwa kishindo, akabebwa hospitali siku hiyo hiyo. Kisukari cha watu wazima hakina tabia hiyo. Huingia nyumbani taratibu kama mgeni asiyebisha hodi. Mtu huamka usiku mara tatu kwenda haja ndogo, akasema ni baridi ya Gitega. Kiu humbana mchana, akasema ni jua la Muyinga. Macho hupungua nguvu, akasema ni uzee. Siku anapopimwa damu, mara nyingi miaka imekwisha kupita, na figo, macho na mishipa ya miguu imekwisha kuonja madhara.

Unene wa kupindukia nao hupokelewa kwa namna yake. Katika jamii zetu nyingi kitambi kimehesabiwa kuwa neema. Askari aliyekuwa akitembea kilomita nyingi na mzigo mgongoni hupandishwa cheo, akakaa ofisini, na sahani yake ikabaki ile ile ya siku za doria. Jirani humwambia, "Afande, umependeza!" Kumbe mwili umeanza kushindwa kuitumia sukari sawasawa.

Leo ukurasa huu unazungumza juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wataalamu: fedha za utafiti wa majaribio. Tunauliza, je, yafaa kutoa fedha ili kujaribu matibabu ya kisukari na unene katika vituo vya afya vya kawaida, vile ambavyo mwananchi huvifikia kwa miguu? Jibu letu ni kwamba yafaa sana, ila kwa masharti ambayo mwananchi mwenyewe anapaswa kuyajua na kuyadai.

UMBALI NI SEHEMU YA UGONJWA

Tuchukue mfano wa mama mmoja anayeishi juu ya kilima mbali na mji wa Muyinga, ambaye mumewe ni askari kikosini katika pembe nyingine ya nchi. Kituo cha afya cha jirani humchanja mtoto wake, humtibu malaria na humzalisha. Lakini akiambiwa ana kisukari, hana budi kwenda hospitali kila mwezi, kwa nauli, kwa foleni, na kwa siku nzima ya shamba iliyopotea. Mwezi wa kwanza atakwenda. Wa pili huenda atakopa nauli. Wa nne atajiambia kwamba anajisikia nafuu, na vidonge vitakwisha bila kununuliwa vingine.

Tangu tarehe 1 Mei 2006 Serikali ya Burundi imeondoa malipo ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Hatua hiyo imewafaa wengi. Lakini kisukari hudumu maisha yote, na mtu mzima mwenye maradhi hayo hayumo katika msamaha huo. Kwa hiyo kila kilomita anayopunguziwa na kila safari anayookolewa huhesabika kama sehemu ya dawa.

JARIBIO DOGO HUJIBU SWALI KUBWA

Utafiti wa majaribio ni kazi ndogo inayofanywa mahali pachache, kwa muda uliowekwa, ili kujua kama jambo fulani litafaa kabla ya kulieneza nchi nzima. Mkulima hufanya hivyo hivyo anapopata mbegu ngeni: hupanda matuta mawili kwanza, akangoja mavuno. Jirani zetu wamekwisha kuvuna kutokana na matuta ya namna hiyo.

Mfano wa kwanza watoka Dar es Salaam. Katika miaka ya 1980, Profesa Donald McLarty, Daktari Andrew Swai na wenzao wa Muhimbili waliwafuatilia wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari waliopokelewa kuanzia mwaka 1981 hadi 1987. Baadaye walipiga hesabu ya gharama. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 yalionyesha kwamba katika mwaka 1989/90 mgonjwa anayehitaji insulini aligharimu wastani wa dola 287 za Marekani kwa mwaka, na asiyeihitaji dola 103. Sehemu kubwa ya gharama ya matibabu ya nje kwa yule wa kwanza ilikuwa bei ya insulini yenyewe. Kabla ya hesabu hiyo, yeyote angeweza kusema kwamba ugonjwa huu "una gharama". Baada yake, mpanga bajeti alijua ni gharama kiasi gani, na inatoka wapi.

Mfano wa pili watoka kaskazini mwa Kenya, katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab. Watu wengi huko hawana jokofu, na kanuni ilitaka insulini ihifadhiwe katika ubaridi. Kwa hiyo mgonjwa alilazimika kwenda hospitali kila siku, hata mara mbili, ili achomwe sindano. Madaktari Wasio na Mipaka wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza jambo hilo, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba insulini iliyokaa wiki 4 katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu sawa na ile ya jokofuni. Utafiti huo haukuhitaji mitambo ya ajabu nyumbani kwa mgonjwa, lakini uliwafungulia watu njia ya kujichoma sindano nyumbani. (Msomaji asidhani kwamba insulini yaweza kuachwa juani au kugandishwa, kila mmoja afuate maelekezo ya muuguzi wake.)

Mfano wa tatu unatugusa zaidi. Mwaka 2018, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya Tanzania, pamoja na watafiti wa Uganda na wa Chuo cha Tiba za Magonjwa ya Kitropiki cha Liverpool, walianza jaribio katika vituo 10 tu vya nchi hizo mbili, kwa fedha za Uingereza. Wagonjwa wa kisukari, wa shinikizo la damu na wale wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliwekwa katika kliniki moja: foleni moja, wauguzi wale wale, na dirisha moja la dawa. Jaribio lilipoonyesha kwamba jambo hilo lawezekana, fedha za Umoja wa Ulaya ziliwezesha utafiti mkubwa zaidi katika vituo 32. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023. Baada ya miezi 12, katika kila wagonjwa 100 wa kisukari au shinikizo la damu waliohudumiwa katika kliniki za pamoja, karibu 89 walikuwa bado wanaendelea na matibabu. Kiasi hicho kilikuwa sawa na cha wale waliohudumiwa katika kliniki za peke yao, na matibabu ya wenye virusi vya UKIMWI hayakudhoofika.

Maana ya matokeo hayo kwa mwananchi ni nyepesi. Kituo hakihitaji jengo jipya kwa kila ugonjwa. Muuguzi yule yule, akifundishwa na kupewa vifaa, aweza kumhudumia mgonjwa wa kisukari bila ya kumwacha mwingine.

BURUNDI IMEKWISHA KUFANYA HIVYO

Asiseme mtu kwamba mambo haya ni ya majirani tu. Mwaka 2006 yalianzishwa majaribio katika mikoa ya wakati huo ya Bubanza na Cankuzo, ambamo vituo vya afya vililipwa kwa kadiri ya huduma vilizotoa na ubora wake. Mwezi Aprili 2010 utaratibu huo ulienezwa nchi nzima, ukaunganishwa na huduma za bure za watoto na wazazi. Njia kutoka jaribio hadi sera ya taifa imekwisha kukanyagwa hapa hapa.

Wapo watakaouliza: nchi yenye malaria na watoto wenye utapiamlo itatoaje fedha kwa ajili ya maradhi ya watu walioshiba? Swali hilo lina uzito. Uchunguzi wa kitaifa wa miaka ya 2016 na 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Lakini njaa na kisukari hazikai katika nyumba mbalimbali. Mtoto aliyekosa lishe tumboni na utotoni huwa katika hatari zaidi ya kupata kisukari anapokua, hasa akinenepa ukubwani. Tena, mwezi Aprili 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kukitambua kisukari kinachotokana na utapiamlo kuwa aina ya pekee, aina ya 5. Wagonjwa wa aina hiyo ni wembamba, na aghalabu ni vijana. Kumtibu mtu kama huyo kwa kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya watu wanene wa nchi tajiri kwaweza kumdhuru. Ni nani atakayetuambia wako wangapi kwenye vilima vyetu, kama vituo vyetu havipimi?

Takwimu za majirani haziwezi kuazimwa. Uchunguzi wa Tanzania wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa watu wazima 9 hivi katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Ule wa Uganda wa mwaka 2014 ulikuta chini ya 2 katika kila watu wazima 100. Nchi hizo zinapakana, na hesabu zao zimeachana kiasi hicho.

MASHARTI YA FEDHA

Jaribio la Gitega na Muyinga, likipata mfadhili, lichague vituo vya mjini na vya vilimani pia, maana mafanikio ya mjini peke yake hayatathibitisha lolote kwa mama wa kilimani. Tena lihesabu mambo manne: ni wangapi waliopimwa, ni wangapi waliokuwa bado wanakuja baada ya miezi 12, ni wangapi ambao sukari, shinikizo la damu na uzito wao ulishuka, na mgonjwa mwenyewe alitumia kiasi gani mfukoni mwake, nauli ikiwemo.

Sharti kubwa kuliko yote ni la siku ya mwisho. Mradi ukimwanzishia mtu dawa, ukampima kwa mwaka mmoja, kisha ukafunga virago na vijiti vya kupimia sukari vikaisha, mtu huyo ameachwa njiani. Kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa, ijulikane kwa maandishi ni bohari gani itakayotoa dawa baada ya mfadhili kuondoka, na ni fungu gani la bajeti litakalolipa.

Kwa familia za askari na polisi kuna jambo la ziada, nalo ni uhamisho. Mtu huhamishwa kwa amri ya wiki moja, na matibabu yake hubaki nyuma. Jaribio zuri lingetoa kadi moja inayotambuliwa na kituo chochote, yenye vipimo na dawa za mgonjwa, ili anayehamia kikosi kipya asianze upya kama mtu asiyejulikana.

Siku hizi dunia inasifu sindano mpya za kupunguza uzito, na mwezi Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza baadhi yake, kama semaglutidi, katika orodha ya dawa muhimu kwa wagonjwa wa kisukari walio wanene. Ni habari njema, lakini bei yake bado ni kubwa. Mizani, utepe wa kupimia kiuno, kipimo cha sukari na vidonge vya metformini ndivyo vitangulie.

YANAYOWEZEKANA NYUMBANI LEO

Tusingoje mfadhili kwa kila jambo. Gawanya uzito wako kwa kilo kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.70 mwenye kilo 87 hupata 30, na hapo ndipo unene wa kupindukia unapoanzia. Kipimo chepesi zaidi ni kamba: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako.

Maharage, lengalenga na sombe vijaze sehemu kubwa ya sahani, na ugali wa muhogo, viazi au ndizi vipungue. Chai ipunguzwe sukari kidogo kidogo mpaka ulimi uzoee. Soda na pombe ya ndizi visiwe kinywaji cha kila siku.

Mwenye kisukari avue viatu kila jioni na kuchunguza nyayo na katikati ya vidole. Askari anajua jinsi buti linavyochubua. Kwa mgonjwa wa kisukari mchubuko asiousikia waweza kumgharimu mguu. Asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri, wala asibadilishe insulini kwa mizizi.

Mtoto anayekunywa maji bila kukoma, anayekonda ghafla na kuanza tena kukojoa kitandani apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kisukari cha watoto hakingoji wiki.

Nchi za dunia zilikubaliana mwaka 2022 kwamba kufikia mwaka 2030 watu 80 katika kila 100 wenye kisukari wawe wamekwisha kutambuliwa. Lengo hilo halitafikiwa katika hospitali kubwa peke yake. Basi, msomaji, utakapokwenda kituo cha jirani safari ijayo, hata kama ni kwa homa ya mtoto, muulize muuguzi kama anaweza kukupima sukari. Akijibu kwamba vijiti vimekwisha, peleka swali hilo kwa kamati ya afya ya mahali penu, nao walifikishe kwa wenye bajeti.