Dawa Iliyomo Ndani ya Pareto

Mama yangu alilima pareto kwenye mteremko juu ya Keroka. Tulichuma kila baada ya wiki mbili hivi, tukaanika maua juani, na wingu jeusi likitokea ni sisi watoto tuliotumwa kuyaanua. Karo yangu ilitoka humo. Kilichokuwa ndani ya ua, hakuna aliyetueleza.

Nguvu ya pareto haimo kwenye petali nyeupe. Imo kwenye kile kichwa cha manjano, hasa katika vijimbegu vyake, nayo huitwa pairethrini. Ua lililokaushwa vizuri huwa na takribani asilimia 1 hadi 2. Mdudu akiguswa nayo, mishipa yake ya fahamu hukosa kutulia: hutapatapa, kisha huanguka. Mwili wa binadamu huivunja upesi, ndiyo maana hutiwa hata katika dawa ya chawa wa kichwani.

Mmea huu asili yake ni pwani ya Dalmatia, Kroatia ya leo. Ulifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na Vita vya Pili vya Dunia vilipokata pareto ya Japani, soko likatugeukia. Baada ya uhuru, wakulima wadogo wa Gusii wakaishika kwelikweli.

Wanakemia Hermann Staudinger na Leopold Ružička walichapisha uchunguzi wao wa pairethrini mwaka 1924. Walikuta kitu chenye nguvu lakini kisichostahimili mwanga. Kwa kuiga umbo lake, Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, walitengeneza pamethrini, wakaitangaza mwaka 1973. Hiyo hudumu juani. Leo ni dawa ya upele, na jamaa zake ndizo zinazotiwa kwenye neti. Milima yetu ilipokumbwa na milipuko ya malaria miaka ya 1990, neti hizo zilikuwa miongoni mwa kinga zetu. Nalitafakari hilo kwa fahari: dawa iliyotokana na ua kama lile la mama.

Ila mama alilipwa kwa kipimo cha pairethrini kilichopimwa mbali, asikione. Malipo yalipoanza kuchelewa, majirani waling'oa pareto wakapanda chai.

Sasa miche inarudi mashambani. Naziomba kaunti za Kisii na Nyamira ziweke maabara ya kupima pairethrini karibu na wakulima, ili kila mmoja ajue nguvu ya maua yake kabla gunia halijaondoka nyumbani.