Urwarwa ukizibwa mapema hula mtaji

ASUBUHI moja hapa Kajaga, kwenye barabara iendayo Gatumba, jirani yangu aliniita: "Mwalimu, njoo uone!" Chupa tatu kati ya 12 alizojaza urwarwa jana yake zilikuwa zimepasuka ndani ya kreti. Fedha ile ilikuwa ya madaftari ya wanawe.

Sisi tuliosoma uhamishoni, mimi nikiwa Ulyankulu mkoani Tabora, tulirudi tukijua Kiswahili kuliko Kirundi. Pombe ya ndizi tuliwaachia wazee. Nimejifunza ukubwani.

Ndizi mbichi hufukiwa shimoni penye majani ya mgomba kwa siku kadhaa hadi ziive. Humenywa, hupondwa pamoja na nyasi, maji yake yakakamuliwa na kuchujwa. Huongezwa maji na unga wa mtama uliokaangwa, kisha huachwa siku moja hadi tatu. Isiyozimuliwa kwa maji huitwa isongo. Hiyo ni kali, na bei yake vilevile.

Kosa la jirani lilikuwa haraka. Sukari ilikuwa haijaisha, na hamira iliendelea kuila na kutoa hewa. Dumu la plastiki huvimba kwanza. Chupa ya kioo haina subira hiyo. Wanaobeba madumu hulegeza kifuniko njiani, na hawakuhitaji somo la kemia kutoka kwangu.

Sasa anasubiri povu lilale kabisa. Pombe huhamishiwa kwenye chombo kirefu kilichofunikwa na kuzungushiwa gunia bichi, maana joto la huku ziwani halina huruma. Baada ya usiku mmoja au miwili mashapo huzama, naye huvuta pombe ya juu kwa mpira bila kugusa chini. Chupa huoshwa kwa maji ya moto. Kwanza hujaza chupa moja ya plastiki na kuiziba: ikikaza kama jiwe kufikia asubuhi, za kioo zinangoja.

Hata hivyo haifanani na Primus. Kiwandani bia huchujwa na kupashwa moto. Hii ina uhai bado, na ikipata hewa siku chache tu hugeuka siki. Kwa hiyo ukingoja mno nako ni hasara.

Majuzi ile ya plastiki ilikaza. Mama akangoja siku mbili zaidi. Mteja aliyetoka Gatumba hakungoja. Alinunua nyumba ya pili.